Waithira na Miche Aliyoinyima Maji

Kamati ya mazishi imeniomba mimi, Mburu, kaka yake marehemu, niandike kwa upole. Nitajaribu.

Eunice Waithira Kihara alizaliwa tarehe 14 Novemba 1992 katika kijiji cha Gakindu, Mukurwe-ini, Kaunti ya Nyeri, akiwa kitindamimba wa marehemu Mzee Kihara na Mama Wachuka. Baba alipata habari akiwa kwenye foleni ya kupima kahawa kiwandani. Alimshukuru Mungu kwa sauti, lakini foleni hakuitoka.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1999 hadi 2006, kisha sekondari ya bweni huko Murang'a hadi 2010. Alikuwa mtoto wa maswali. Baba akinyunyizia kahawa dawa ya ugonjwa wa kutu ya majani, yeye anataka kujua kwa nini mti huu umeugua na wa pembeni uko sawa. "Ati kwa nini?" Baba alikuwa akimwambia. "Wewe leta maji ya dawa." Swali hilo hakuliacha. Alipata shahada ya biolojia mwaka wa 2016, akafanya kazi katika kitalu cha miche Murang'a, na Septemba 2019 akaanza masomo ya uzamifu katika chuo kikuu ambacho nimekatazwa kukitaja.

Najua wengi wenu mlidhani anasomea udaktari wa hospitali, mkawa mnamletea magoti yenu. Alichosomea ni hiki: mti wa kahawa uliokaa na kiu, ukishikwa na kutu, unajikinga vipi? Kwa hiyo aliambukiza miche yote kutu. Nusu akaipa maji na nusu akaipa kidogo sana, halafu akawa anapima majani.

Paa la kibanda cha utafiti chuoni liling'olewa na upepo. Aliomba litengenezwe, akaambiwa asubiri. Akaomba tena, akaambiwa aombe upya. Alichoka, akahamishia miche nyuma ya nyumba ya Mama, katika kibanda cha karatasi ya plastiki. Hapo ndipo tulipoingia sisi watu wa nyumbani kumharibia.

Kila alipokuja kupima, miche yenye kiu ilikuwa imenawiri kuliko ile mingine. Alibadilisha vipimo, akabadilisha udongo. Msimamizi wake akamwambia wazo lake lote lilikuwa na kasoro. Msimu mzima ulipita hivyo. Kisha siku moja akafika bila kupiga simu, akamkuta Mama kibandani na jagi, akiimba wimbo wa kanisani na kumwagilia ile ile iliyokatazwa.

"Mama, unafanya nini?"

"Hii ilikuwa inakufa na kiu, na mimi niko na tanki imejaa," Mama akasema. "Mtu mzima ataangalia tu?"

Waithira aliketi chini akalia. Halafu akacheka mpaka Mama naye akacheka, ingawa hakujua wanacheka nini. Siku iliyofuata alianza upya.

Mwaka wa 2022 alichumbiwa na Mwenda, mwalimu huko Kianyaga. Harusi ingefanyika baada ya shahada. Kila kitu kilikuwa baada ya shahada: harusi, nyumba, hata usingizi. Mwenda alisubiri bila kunung'unika. Mimi nilinung'unika kwa niaba yake.

Mwezi wa Machi mwaka huu alianza kukohoa. Nilimwambia, "Wewe uko kama hiyo kahawa yako. Hulali, hukuli, na ugonjwa iko hapo inangoja."

"Mburu, wacha kunisomea thesis yangu," akanijibu. "Nikimaliza kupima majani nitaenda."

Hakwenda. Nimekasirika na bado nimekasirika: na chuo, na lile paa, na yeye mwenyewe. Alijua kuliko sisi wote kwamba kiumbe kilichochoka hakina nguvu ya kupigana. Alilazwa hospitalini mjini Nyeri tarehe 2 Mei, na nimonia ikamchukua asubuhi ya Ijumaa tarehe 9 Mei 2025. Tunawashukuru wauguzi waliokaa naye.

Siku mbili kabla ya hapo hakuniuliza habari zake mwenyewe. Aliniuliza, "Miche imeguswa?"

Chuo kimetuambia kwamba sura ya mwisho ikikamilika, jina lake litasomwa siku ya mahafali. Mwanafunzi mwenzake, Sumeya Abdulkadir, yuko hapa nasi, na amekubali kuikamilisha. Jumatatu atachuma majani ya mwisho. Miche yenye kiu ikipata maji kabla ya hapo, hakuna jina litakalosomwa. Kwa hiyo nawaomba, ndugu na majirani: mkimaliza kula, maji ya kuoshea sahani yasimwagwe nyuma ya nyumba. Na wewe utakayeona miche imenyauka ukaionea huruma, tafadhali, huruma yako peleka kwingine.

Jana jioni, tukiwa kwenye maombi, mvua ilianza na upepo ukaja nayo. Tulipofumbua macho, Mama hayupo. Tulimkuta kibandani amesimama upande ulioachwa wazi, ameshika karatasi ya plastiki kwa mikono miwili juu ya miche, yeye mwenyewe amelowa chapachapa. Nilimwambia, "Mama, leta nishike."

"Wewe shika hiyo kona ingine," akasema. "Waithira alisema hii isipewe maji."

Tulishika mpaka mvua ikakatika.

Waithira amemwacha mama yake Wachuka, mimi kaka yake Mburu, mchumba wake Mwenda, rafiki yake Sumeya, shangazi, wajomba na binamu wengi, na miche ya kahawa iliyo nyuma ya nyumba hii.

Mungu akupumzishe kwa amani, Waithira. Miche yako yenye kiu haijapata hata tone.