Nilivyoitwa Mwalimu wa Kamari

Asalaam aleikum, mama zangu na dada zangu. Wakubwa, shikamooni. Mwenyekiti wetu hakunipa nafasi ya kukataa. Amesema kila mwanachama wa kikundi hiki atasimama siku moja aeleze alivyoanguka na alivyoinuka. Tumeshasikia ya maradhi, ya nyumba kuungua, ya waume. Langu mimi ni la kipande cha karatasi. Mkitaka kucheka chekeni, lakini lilinitoa machozi. Na jina la mtu sitaji, hata mkigeuza shingo kutafutana.

Mnajua mimi ni mwalimu wa hisabati huku Kaole, darasa la tano mpaka la saba. Jumamosi asubuhi nilikuwa nakaa na watoto walioikatia tamaa hesabu. Wale ambao ukiwauliza sita mara nane wanaangalia juu, kana kwamba jibu limeandikwa kwenye bati. Kati yao alikuwepo binti mmoja wa darasa la sita. Huyo hakuwa hata anaangalia juu. Ukimletea swali anaweka kalamu chini, anakunja mikono. Baba yake alikwisha kumwambia mbele yangu kwamba hesabu si za kila mtu, na mtoto akaamini. Nilichotaka ni yule binti afike la saba akiwa bado anashika kalamu. Hicho tu, ndugu zangu.

Nikatafuta mtandaoni michezo ya hesabu ya kuchapa. Ipo tele, na bure. Lakini zina kero yake. Hesabu za sehemu, nusu na robo, zote zinafundishwa kwa kukata piza. Mtoto wa Kaole piza kaionea wapi? Kwingine kuna theluji, kwingine kuna mnyama sijui hata anaitwaje. Nikakaa nikaandika upya kwa Kiswahili, piza nikaifanya mkate wa kumimina. Mwenzetu mwenye steshenari pale Zinga akanichapia. Umeme ukakatika katikati, karatasi ikakwama, tukaivuta vipande vipande, tukaanza tena.

Mchezo walioupenda niliuita Fika Mia. Karatasi ina vyumba kuanzia moja hadi mia, na kila mchezaji anasogeza kokoto yake. Unapata namba, unachagua mwenyewe: ujumlishe, utoe, uzidishe au ugawanye na chumba ulichopo. Anayetua juu ya mia kamili ameshinda. Namba inatoka kwenye dadu, na dadu lenyewe limechorwa pembeni mwa karatasi, unalikata na kulikunja na kulibandika kwa gundi. Jumamosi ya kwanza yule binti alikunjua mikono. Nilimwona. Alikuwa anabishana na mwenzake juu ya saba mara nane, na alikuwa amepatia.

Sasa sikilizeni. Binti akalitia dadu kwenye mfuko wake, na mfuko ule ule ndio anaokwenda nao chuoni jioni kusoma Kurani. Anatoa juzuu, dadu linadondoka, linabingirika mpaka mbele ya wenzake. Kufika magharibi mtaa mzima unajua kwamba mwalimu anafundisha watoto kamari.

Baba yake alinijia shuleni asubuhi. Hata salamu aliitoa kwa shida. "Mwalimu, mimi mwanangu nimemleta kusoma," alisema, "sikumleta kutupa dadu." Nikamweleza. Nawaambia, nilieleza mpaka koo likakauka. Akamtoa mtoto kwenye Jumamosi yangu.

Nikasema sawa, dadu nimeliacha. Nikakata kadi ndogo zenye namba, mtoto anachomoa moja. Mzazi mwingine akaja: hizo ni karata. Haya, kadi nimeziacha. Nikaona bora nirudi kwenye vitu vya kwetu wenyewe, nikaokota kauri pwani. Unazirusha, unahesabu zilizolala chali. Nilijiona nina akili kweli. Bibi wa mtoto mmoja akapita dirishani, akaona watoto wameinama wanarusha kauri chini na mwalimu amesimama juu yao anatazama zilivyoangukia. Akaenda kusema napiga ramli. Kamari ilikuwa haitoshi, sasa nikawa mganga.

Mwalimu mkuu akafunga Jumamosi yangu mpaka wazazi waitwe. Wakati huo darasani yule binti amekunja tena mikono. Namwita ubaoni, anasimama kwa adabu, anasema, "Sijui, mwalimu," anakaa. Hata swali hajalisoma. Hapo ndipo nilipoanguka, ndugu zangu. Masengenyo ningeyavumilia. Ile "sijui" ndiyo iliyonimaliza. Nilikusanya karatasi zote nikazitia kwenye mfuko wa salfeti, nikamwambia mume wangu naomba uhamisho, hata Lugoba naenda.

Mkutano wa wazazi ukafika. Nilikwenda na salfeti langu, nikiwa nimekasirika, siwafichi. Ustadhi wa chuo alikuwepo, na watu walimgeukia yeye. Akasema kwa upole, "Dadu mimi siwezi kukuhalalishia, mwalimu, tusizungushane. Lakini hesabu haina kosa. Ondoa kubahatisha, mchezo utabaki."

Nikamjibu, na nadhani sauti ilipanda, "Ustadhi, nikiondoa dadu na kadi na kauri, namba itoke wapi? Ishuke mbinguni?"

Baba wa binti akadakia, "Mwanangu akitaka namba, mimi babaake nipo. Nitampa." Alisema kwa kejeli, na watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimechoka hata kuchukia. Nikaitoa karatasi, nikaitandaza mezani, nikasema, "Haya mzee wangu, mpe." Binti alikuwa nje na wenzake, nikamwita.

Wakakaa mezani wakitazamana. Namba ni za vidole, moja mpaka kumi, baba anaonyesha. Mwanzo alikuwa anatoa ovyo, macho kwa watu. Mtoto akapanda, akapanda, akafika sabini. Hapo baba akaacha kutuangalia sisi. Akaitazama karatasi. Akafikiri. Kisha akainua vidole saba. "Saba," akasema. "Tuone."

Mtoto akavitazama vile vidole, na mimi nikaogopa ataikunja mikono. Akasema taratibu, "Sabini gawanya kwa saba, kumi." Akaishusha kokoto yake kutoka sabini mpaka kumi.

Chumba kizima kikaguna. Baba uso ukamlegea. Alimtazama mwanawe vile anavyotazamwa mtoto aliyejikwaa mbele za watu. "Sasa mbona umerudi nyuma, mama?" akamwambia kwa sauti ya chini. "Haya, shika kumi. Sogea kidogo." Akamfungulia vidole vyote.

"Kumi mara kumi, baba," mtoto akasema, na kokoto akaiweka juu ya mia.

Ustadhi akaanza kucheka, na yule mzee akasema, "Turudie." Wakarudia mpaka wazazi wengine wakaomba ruhusa ya kwenda zao.

Jumamosi yangu ikafunguliwa, na dadu sijaligusa tena. Sasa mtoto anampa mwenzake namba, na ili umpe inayomsumbua lazima ukokotoe za kwake na zako. Kazi imekuwa mara mbili, na wala hawajui. Binti yuko kidato cha kwanza. Kero niliyobaki nayo ni baba yake, ambaye kila Jumamosi yuko dirishani anawanong'oneza watoto namba za kuwapa wenzao. Nimemwomba, nimemsihi, hasikii.

Namshukuru Ustadhi, aliyenikataza pasipo kunivunjia heshima. Namshukuru mwenzetu wa steshenari, ambaye kila nilipobadilisha mchezo alichapa upya bila kununa. Na nyinyi mlioketi karibu yangu kwenye harusi moja siku zile za masengenyo, wakati wengine waliukwepa mkeka wangu, mnajijua. Mungu awalipe.

Fundisho nililibeba kutoka kwa binti mwenyewe. Nilimwuliza baadaye kwa nini aligawanya, wakati angejumlisha awe sabini na saba na aibu ya kurudi nyuma asiipate. Akaniambia, "Nilihitaji kumi, mwalimu. Nilijua baba akiona nimeanguka atanihurumia, atanipa kubwa kuliko zote."

Nikamwuliza, na kama ungekosea?

Akasema, "Kwenye kugawanya ningeweza kukosea. Lakini baba yangu namjua."