Mwalimu Barwaqo Alio, Aliyewafungulia Mbuzi Lango la Shule (1961–1999)

Mwalimu Barwaqo Alio alizaliwa Kotile mwaka 1961, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Alio na Mama Hawo. Tarehe haikuandikwa. Mama Hawo anakumbuka tu kwamba mto Tana ulikuwa umevunja kingo zake.

Alianza masomo mwaka 1968 katika shule ya msingi ya bweni karibu na Garissa. Mwaka 1974, akiwa darasa la saba, ukame uliua ng'ombe wote wa nyumbani. Walibaki mbuzi wachache, na kaka zake walikuwa wameshahama mbali. Mzee Alio alifika shuleni kumchukua binti yake akachunge.

"Mwalimu, mvua hakuna," alimwambia mwalimu mkuu, Mwalimu Isacko. "Mbuzi watachungwa na kitabu?"

Mwalimu Isacko, naye mtoto wa wafugaji, hakubishana. "Walete hapa," alisema. "Mtoto abaki."

Mbuzi wakahamia ndani ya ua wa shule. Barwaqo aliwakamua alfajiri, na wenzake wa bweni wakamsaidia kuwaokotea maganda ya migunga. Tatizo ni kwamba mbuzi waliijua sauti yake. Kila aliposimama kusoma, walikuja kupanga vichwa mlangoni.

"Soma polepole, Barwaqo," Mwalimu Isacko alimwambia. "Darasa limeongezeka."

Alifaulu mtihani. Alisoma sekondari mjini Garissa, kisha chuo cha ualimu Machakos, na mwaka 1981 akaanza kufundisha. Mwaka 1984 aliolewa na Bwana Kadar, mfanyabiashara wa ngamia, ambaye hadi leo husema kwamba katika posa yeye ndiye aliyeulizwa maswali mengi zaidi.

Mwaka 1991 alihamia Griftu, na miaka miwili baadaye akawa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko. Ukame wa mwaka 1996 ulipoanza kuwatoa wasichana madarasani, alijenga zizi la miiba nyuma ya shule. Aliwaambia wazazi waende na ngamia, wamwachie mabinti pamoja na mbuzi wasioweza safari ndefu. Ofisa mmoja aliyekuja kukagua aliuliza kama hii ni shule au soko la mifugo. Mwalimu Barwaqo alimwonyesha madawati yaliyojaa, akampa chai ya maziwa. Ofisa aliomba kikombe cha pili. Kila Mwalimu Barwaqo aliposifiwa kwa mpango huo, alisema si wake, ni wa Mwalimu Isacko.

Mwezi Machi mwaka huu alipatikana na ugonjwa wa figo, akalazwa Garissa. Agosti aliomba kurudishwa nyumbani Griftu. Mvua ilikuwa imekosekana tena, na naibu wake, Mwalimu Saynab, alimletea habari kwamba Mzee Bulle anahama na anataka kumtoa binti yake, Nimo, wa darasa la nane. Mwalimu Barwaqo, aliyekuwa hawezi tena kuketi, alituma ujumbe kwamba mzee asigombezwe. Zizi litengenezwe na nafasi ya mbuzi wake iachwe. Kila asubuhi aliulizia jibu. Halikuja.

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Septemba 1999, baada ya sala ya alfajiri, akazikwa siku hiyo hiyo.

Siku ya tatu ya matanga Mzee Bulle alifika. Aliomba dua, akakaa kando ya Bwana Kadar.

"Walal, ndugu yangu," alisema, "mimi naondoka na ngamia. Mbuzi nimeacha shuleni. Nimo yuko nao mpaka mtihani."

Bwana Kadar alimshika mkono.

Marehemu ameacha mume, Bwana Kadar. Watoto, Ramla, Lul na Siyad. Mama yake, Mama Hawo. Kaka zake wawili. Na wanafunzi wa Griftu. Darasa la nane watafanya mtihani Novemba, na Nimo yumo.

Mola amsamehe, amkunjulie kaburi lake, na amjaalie pumziko la amani.