Tangazo Ambalo Mama Saa Tatu Aliliruka

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Saa Tatu, alizaliwa Jumatano, tarehe 11 Juni 1958, saa tatu asubuhi, akiwa mtoto wa tatu wa fundi saa na mshonaji wa mashuka ya hospitali, na bibi alikuwa akisema kwamba binti huyu alitoka na kilio cha kuamsha wodi nzima, kwa hiyo kazi ya redio ilimkuta njiani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966, akasoma sekondari kuanzia 1973 hadi 1976, kisha akasomea uandishi wa habari kwa miaka miwili na kuhitimu Novemba 1978. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusahihisha prufu katika gazeti dogo la mji, na huko ndiko alikokutana na baba yetu, mpanga herufi, aliyekuwa akiacha makosa kwa makusudi ili msahihishaji ashuke ngazi kuja kumgombeza. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa watoto wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili, na anayewasomea ni kitindamimba wao. Nyumba hii ambayo leo mmeketi uani kwake waliijenga chumba kwa chumba kuanzia mwaka 1988, wakihamisha kitanda kila ukuta ulipokauka.

Mwaka 2003 aliajiriwa na redio ya jamii, na mwaka 2012 akaanzisha kipindi cha kila Ijumaa saa tatu asubuhi, ambamo alisoma matangazo ya nyumba zilizowekwa mnadani na benki, kwa kuwa matangazo hayo yalichapwa kwa herufi ndogo katika magazeti ambayo wenye nyumba hawakuyanunua, na mtu alikuja kujua siku ambayo dalali yuko getini na kipaza sauti. Alisoma namba za viwanja tu, bila majina, ili mwenyewe ajitambue na jirani asimtambue, halafu akawaelekeza wahusika kwa kikundi cha wakazi kiitwacho Paa Letu, ambacho wanachama wake humsindikiza mwenye nyumba hadi benki, wakamwombea muda, wakaketi naye mpaka apewe masharti anayoyaweza. Kila Ijumaa alifunga kipindi kwa maneno ambayo hata watoto wa shule waliyaiga: "Aibu ni mpangaji asiyelipa kodi, mtoeni nje!"

Kikundi kile kilikuwa na kanuni moja. Mwaka wao wa kwanza walikwenda kwa fundi cherehani mmoja ambaye nyumba yake ilitangazwa mnadani, wakiwa na nia njema na nyimbo, kumbe fundi hakuwa amemwambia mkewe, na mke akaijua habari ile akiwa anaanika nguo, mbele ya umati, na haukupita muda familia ile ikahama mji. Tangu hapo wakaapa kwamba hawatamsemea mtu nyumba yake, mpaka aseme kwa kinywa chake.

Mama alianza kuugua figo mwezi Agosti 2022, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, na akafariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nane mchana, baba akiwa amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa redio, hasa fundi mitambo aliyemletea kitandani vipindi vya zamani, majirani waliopika na kufagia, na Paa Letu, ambao bila wao leo tungekuwa tumemlilia mama yetu katika uwanja wa kuazima.

Historia ingetosha kuishia hapo, lakini mama mwenyewe alituagiza isiishie hapo. Alisema, "Mimi si kaburi, msinipake chokaa."

Mwaka 2016 wazazi wetu waliweka hati ya nyumba hii dhamana ya mkopo, ili baba anunue mashine mpya ya kuchapa, na wateja walipohamia kwenye maduka ya kisasa mashine ikabaki imefunikwa turubai. Januari 2019 dalali alibandika karatasi getini. Mama aliibandua kwa maji ya moto na kisu cha mkate, akatuambia sisi watoto kwamba anasafisha geti, nasi tukamsifu kwa usafi. Jirani wa ng'ambo ya barabara, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye ndiye mwenyekiti wa Paa Letu, aliona yote kupitia pazia. Wanachama wenzake mama wote wakajua, lakini kanuni ilikuwa kanuni, na kila kikao mwenyekiti aliuliza, "Kuna jingine, jamani?" huku akimtazama mama, na mama akajibu kwamba halipo, akachukua mkoba wake.

Ijumaa, tarehe 8 Machi, namba ya kiwanja chetu ilikuwa katikati ya matangazo. Mama alikohoa, akairuka, akasoma inayofuata, kisha akafunga kipindi kwa maneno yale yale, na fundi mitambo, aliyezoea kumtania kwamba sauti yake inaweza kuuza hata mvua, siku ile alimfungulia mlango bila neno. Baba alikuwa jikoni akimenya viazi, redio ikiwa dirishani, naye alisubiri namba aliyoijua kwa moyo, hakuisikia. Mama aliporudi, baba akamwambia, kwa upole ambao mama alituambia ulimuuma kuliko tusi, "Leo umesoma vizuri, mke wangu." Mama hakula. Miaka saba alikuwa amewaambia watu watoe aibu nje, kumbe ya kwake aliitandikia kitanda.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwenye ukumbi wa Paa Letu mapema kuliko kawaida. Mwenyekiti akamvutia kiti chake cha siku zote, mezani, miongoni mwa wasaidizi, lakini mama akatikisa kichwa, akaenda kuketi kwenye benchi la ukutani, wanakoketi wenye shida, kati ya mwuza mkaa na mjane mmoja aliyemtambua kwa sauti aliposalimia, ambaye alimnong'oneza, "Mama Saa Tatu, umekosea, huku ni kwetu." Mama akamjibu, "Sijakosea, dada, sogea kidogo." Akasubiri zamu, mkoba magotini, mpaka mwenyekiti alipouliza nani anafuata. Ndipo akasimama, na kwa sauti ambayo mjane yule alisema haikuwa ile ya redio, akataja jina lake kamili, akataja kiwanja, akasema, "Hii ni nyumba yangu, na mimi nilinyamaza."

Lala kwa amani, mama yetu.