Benchi Lililokubali Kila Kitu

Benchi lenyewe si la kujivunia. Ni ubao uliong'olewa kwenye lori bovu, ukalazwa juu ya matofali nje ya duka la kinyozi, na ukiinuka bila kuangalia unaacha kipande cha suruali kwenye msumari. Lakini kwa ubishi, mtaa mzima haukuwa na mahali kama pale. Watu walishawahi kubishana hapo kama mvua inanyesha, na wote wameloa. Wenye kukaa siku zote walikuwa wanne. Wembe, mwenye duka, anayenyoa kwa mkono mmoja na kuhukumu dunia kwa mwingine. Karani, aliyestaafu mahakamani lakini mahakama haijamstaafu yeye. Bi Birika, muuza kahawa, mjane mwenye ulimi wa kukwangulia sufuria. Na Fundi Antena, mtengeneza redio wa kibanda cha ng'ambo ya barabara, mrefu, mwembamba, shemeji yake Bi Birika, maana marehemu mume wa mama huyu alikuwa kaka yake. Antena ndiye aliyekuwa mbishi wao mkuu, mpaka alipoambiwa ana saratani ya utumbo. Tangu hapo benchi likaingiwa na adabu. Adabu mbaya, ya kumkubalia mgonjwa kila neno, kama watu waliowahi mno matangani na sasa wanamsubiri maiti.

Asubuhi hiyo Antena alivuka barabara polepole, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi, kwa kuwa dawa ilikuwa imemla nywele zote na kofia haikuwa na cha kushikilia. Moyoni alikuwa na jambo. Manesi wa hospitali walikuwa wanafanya utafiti wa namna ya kumsaidia mwenye saratani aishi vizuri, siyo apone tu. Mara ya mwisho alipotundikiwa dripu ya dawa, nesi mmoja alimuuliza: mzee, ukitoka hapa, kitu gani kinakufanya ujisikie bado ni mtu? Wenzake wodini walijibu wajukuu, wengine sala. Antena akajibu: kubishana. Akajigamba kuhusu benchi mpaka nesi akasema lazima aje kuliona. Na leo ndiyo alikuwa anakuja.

Sasa angeona nini? Mabubu watatu wanaoitikia kwa vichwa.

Na kesho ilikuwa siku ya dripu nyingine. Antena hakuwa na hamu nayo hata kidogo. Siyo kutapika, kutapika alishazoea, ana ndoo yake na wanaelewana. Kilichomchosha ni kujiuliza anateseka vile ili arudi wapi. Basi akajiwekea nadhiri katikati ya barabara, pikipiki zikimpigia honi: akipatikana mtu mmoja tu wa kumbishia leo, kesho anakwenda. Asipopatikana, dripu wamtundikie mwingine.

Akakaa. Hata salamu hakuimaliza.

— Jamani, samaki ana magoti.

Wembe aliacha kunoa mkasi wake.

— Anayo, akasema. Wala si siri.

— Tena yanamuuma wakati wa baridi, akasema Karani. Ndiyo maana hakai nchi kavu.

Antena akamgeukia Bi Birika. Zamani neno kama hilo lingemtoa mama huyu moshi masikioni.

— Shemeji, wewe unasemaje?

— Mimi nawapara samaki kila wiki, shemeji yangu mpenzi. Magoti nayaona. Huwa nayatoa kwanza.

Shemeji yangu mpenzi! Miaka yote alikuwa akimwita fito, mlingoti, ngazi ya kuazima. Antena akaongeza dozi.

— Na mwezi unatumia betri.

— Ndiyo maana unafifia fifia, akasema Wembe. Betri za siku hizi ni feki.

— Nilipokuwa mahakamani, akasema Karani, kuna mtu alishtakiwa kwa kutaka kuziiba. Ngazi ndiyo iliyomwangusha.

— Wangefunga sola tu, akasema Bi Birika akimimina kahawa. Lakini nani wa kuwaambia?

Antena alionja kahawa yake, akaona hapa ndipo pa kumchokoza mtu. Hakuna aliyewahi kuisema vibaya kahawa ya Bi Birika akabaki na kikombe mkononi.

— Kahawa yako leo ina ladha ya soksi.

Wembe alifumba macho. Karani alisogea pembeni, mazoea tu. Bi Birika alikamata mpini wa birika mpaka vidole vikawa vyekundu, taya likamtembea kama mtu anayetafuna kokoto. Antena akasubiri kwa furaha. Njoo, mama, njoo!

— Kweli, akasema Bi Birika kwa sauti ya kubanwa. Soksi ya kushoto. Nikuongezee?

Antena akakata tamaa. Hawa watu walikuwa wameoza. Juzi tu aliingia dukani kwa Wembe na kipara chake kinachong'aa kama bakuli, akalalamika kwamba nywele zimekuwa ndefu, zinamwingia masikioni. Alitegemea Wembe acheke hadi akae chini. Wembe akamfunga shuka shingoni, akachukua mkasi, akakata hewa huku na huku, akampuliza shingoni, akamshikia kioo aangalie nyuma. Akauliza kama pembeni apunguze zaidi.

Akajaribu mara ya mwisho, kwa heshima ya Karani, maana kwa mahakama Karani alikuwa hana mchezo.

— Mahakimu wote wana mikia.

Karani alitoa miwani. Akaifuta. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Mtu alikuwa anapigana na kazi yake ya maisha.

— Wanayo, akanong'ona. Unadhani joho lile refu ni la nini?

Hapo ndipo nesi alipofika. Binti mfupi wa viatu bapa, mkoba begani, amejifuta jasho mara nyingi mpaka leso imekuwa kamba. Hakuwa na sare siku hiyo.

— Shikamooni, wazazi wangu.

— Marahaba, wakaitikia.

— Mimi ni nesi wa mzee hapa. Yeye mwenyewe ameniruhusu nije. Tunatafiti mambo yanayowapa wagonjwa wetu nguvu wakiwa nyumbani. Kwake yeye, jibu ni hili benchi.

Watatu wale wakaliangalia benchi kama ndiyo kwanza wanaliona. Bi Birika akampa mgeni kahawa, akamfutia mahali pa kukaa mbali na msumari.

— Kwa hiyo umekuja kutupima? akauliza Wembe. Damu au mkojo?

— Hapana, baba. Nimekuja kukaa tu.

— Wanaanza hivyo hivyo, Karani akamnong'oneza Wembe kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara. Kisha benchi linachukuliwa kama kielelezo. Linafungwa lebo. Halirudi.

— Mimi nimeshaelewa, akasema Wembe. Watakata vipande vya huu ubao, kila mgonjwa alalie kimoja chini ya mto.

— Watausaga, akasema Antena kwa uchovu. Watautia kwenye vidonge. Asubuhi kimoja, jioni kimoja.

— Vidonge sawa kabisa! wakadakia wote.

— Na msumari je? akauliza Bi Birika. Msumari utakuwa wa sindano. Na sisi wenyewe watatuchemsha, watuchuje, watutie kwenye chupa za dripu. Mwenye Karani kwenye chupa yake atalala usingizi wa siku nzima.

Nesi alicheka hadi kahawa ikamwagikia goti. Alipotulia akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza njia:

— Mzee alinisimulia mnavyobishana, akacheka mpaka ikabidi nimfunge plasta upya. Basi nionyesheni. Siku hizi nani kati yenu ndiye anayembishia?

Wembe alimwangalia Karani. Karani akaangalia kucha zake. Bi Birika akafunua mfuniko wa birika, akachungulia ndani kama jibu limezama humo.

— Unamaanisha leo? akauliza Wembe.

— Leo, jana, wiki iliyopita. Yeyote.

— Tuseme, akasema Karani, ubishi uko likizo.

— Nani aliupa likizo? akauliza nesi.

— Mkewe. Alikuja hapa akatuomba tusimchoshe mumewe. Nikaona, kisheria, kumbishia mtu ni kumchosha. Tukakubaliana.

— Mimi nilikubali kwa shingo upande, akasema Wembe.

— Ulikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, Wembe! akasema Karani.

— Kumbe! Antena akapiga paja lake, kofia ikamwangukia machoni, akaisukuma juu. Mke wangu alimaanisha msiniweke juani! Kukubaliwa kutwa nzima ndiko kunakochosha! Nimewapa samaki, nimewapa mwezi, mnameza tu kama bata. Nesi, umekuja bure. Ubishi wa hapa nilikuwa nao mimi, hawa walikuwa wasikilizaji. Kesho siji kwenye dripu.

Alisema kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuwa anamchokoza mtu. Nesi aliweka kikombe chini.

— Mzee, kubishana hakuondoi uvimbe, sitakudanganya. Na dripu nayo siwezi kukuapia. Mwili ni wako, uamuzi ni wako. Lakini ningependa uje.

Antena akawageukia wenzake. Walikuwa tayari wamefungua midomo kwa mazoea.

— Ndiyo ka... akaanza Wembe, kisha akaliona neno linakokwenda, akalibana na meno.

— Kwa kuwa mhusika mwenyewe amekwisha... akasema Karani, sauti ikamfia.

Ndipo birika lilipogonga ubao, vikombe vikaruka.

— Utakwenda, akasema Bi Birika.

Antena alihisi kitu kinaruka kifuani kama redio iliyopata stesheni. Lakini mtu haachii hivi hivi.

— Siendi.

— Utakwenda, fito wewe! Miezi yote hii nakukubalia upuuzi mpaka taya linaniuma kama nina jino bovu, halafu unataka nikukubalie na huu? Kaka yako alikuwa mkaidi, lakini alikuwa na akili kidogo. Wewe Mungu alikupa urefu tu!

— Yule alikuwa na akili? Mtu aliyekuoa wewe?

— Alinioa kwa kunililia!

— Alikuwa anakata vitunguu!

Wembe alitoa mlio wa ajabu, kama birika linaloanza kuchemka.

— Antena, wewe ni mjinga, akasema, kisha akaangaza pande zote kuona kama atakamatwa. Alipoona hakamatwi, akasimama. Mjinga kabisa! Nampeleka mimi kesho, kwa pikipiki ya mpwa wangu.

— Pingamizi! akasema Karani naye akisimama, na msumari ukachukua chake. Mgonjwa wa tumbo umpakie pikipiki kwenye mashimo yale? Atakwenda na basi, na nitakaa naye mimi.

— Wewe? Utamsomea vifungu vya sheria mpaka dripu igande!

— Ataenda na mimi, akasema Bi Birika. Mimi ndiye mwenye ndugu hapa.

— Na kahawa tutakunywa kwa nani?

— Kunyweni maji ya bomba, wavivu wakubwa!

— Jamani, akasema Antena, hakuna anayenipeleka. Dawa ile inanitapisha, inanikausha, inanifanya ninuke kama betri. Nina hoja.

— Hoja gani? wakafoka wote kwa pamoja, na lilikuwa neno tamu kuliko yote aliyoyasikia tangu aingie wodini. Akazitoa. Bi Birika akazivunja moja moja, nyingine kwa akili, nyingine kwa matusi. Kutapika? Hata yeye alitapika kwenye mimba zote na hakuna aliyempa utafiti. Kukauka? Anywe maji. Kunuka? Hapo wakagawanyika, maana Wembe alishikilia kwamba Antena alikuwa ananuka vile vile kabla ya saratani, na Karani akataka ushahidi. Mteja mmoja aliyenyolewa nusu alitoka dukani na shuka shingoni kuuliza kama amesahauliwa. Akaambiwa akae kimya au achague upande. Akachagua upande.

Antena alipigana kama simba. Aliona anashindwa, na alikuwa ameshajua tangu birika ligonge ubao kwamba kesho atakwenda. Lakini hakuwaambia. Bado kulikuwa na la saa ya kuondoka, na la njia ya sokoni au ya nyuma, na la nani abebe ndoo.

Nesi alimaliza kahawa yake, tone la mwisho la birika zima, akasubiri mpaka watu wakavuta pumzi.

— Sasa niambieni, nani ameshinda?

— Mimi, akasema Fundi Antena.

Safari hii hakuna aliyemkubalia.