Liki Tatu Chini ya Mwaloni

Jumamosi asubuhi, nguo zikizunguka mashineni ndani, kijiwe cha Hyattsville hukaa nje, kwenye benchi ambalo mwenye duka la kufulia aliwawekea wateja na tangu siku hiyo wateja hawajaligusa. Wapo Method, dereva teksi, aitwaye Bwana Shamba kwa kuwa alisoma kilimo mihula miwili. Ndirangu wa Nyeri, aitwaye Spika kwa kuwa hamwachi mtu amalize sentensi. Na Macaire wa Uvira, mwenye chupa ya kahawa, ambayo ndiyo cheo chake. Aprili ile ya 2006 Euphrasia aliwafuata na shida. Bibi Dorothy, kikongwe ambaye Euphrasia humtunza kule Silver Spring, alimpa liki za porini, vitunguu vya majani mapana, zilizotoka kwenye mlima wa mama yake Bibi. Mlima umeshauzwa, mbegu imebaki kwa Euphrasia tu, chini ya mwaloni nyuma ya nyumba aliyopanga. Mwaka wa kwanza zilichipua thelathini. Mwaka huu, tatu. Na kesho Bibi analetwa kuziona.

— Ulimwambiaje? aliuliza Method.

— Kwamba zimestawi.

— Wee dada!

— Kila siku ananiuliza, macho yanamng'aa. Wewe ungemwambiaje?

— Hapo ni jua, Bwana Shamba alitoa hukumu. Kitunguu ni kitunguu. Kata huo mti.

— Bibi kasema zinataka kivuli.

— Bibi ana cheti?

— Wewe unacho?

Macaire alikohoa ndani ya kikombe. Ndirangu akaruka:

— Zii, hao ni swara! Swara wa Maryland wamezoea vitu poa. Wanajua hadi siku ya takataka. Juzi nimepata mmoja ame-park kwa driveway yangu.

— Swala na vitunguu wapi na wapi?

— Wa huku atakula, bora aambiwe ni organic.

— Hapana, alisema Macaire taratibu. Miye naona inasikia uchungu ya kwabo. Ilizoea mulima, sasa iko huku chini, haijue mutu. Donc, mutu aende kule, alete udongo kidogo, aimwangie.

— Na uiimbie wimbo wa taifa! alisema Ndirangu.

— Msicheke, Method aliinamia mbele, akashusha sauti. Hivi zina karatasi? Siku hizi wanapekua kila kinachoota.

Euphrasia aliweka kikombe chini. Alikuja kutafuta msaada, akapewa bunge.

— Nimezihudumia kuliko wanangu! Kila asubuhi kabla ya zamu nafagia chini ya ule mti mpaka udongo unang'aa. Hakuna jani hata moja. Kama uwanja wa mama kule Kamachumu.

— Basi tatizo si wewe, alikubali Bwana Shamba.

Kaneza, binamu yake Macaire, aliyefika Marekani juma lililopita, alikuwa ametoka ndani na kapu la mashuka. Alisimama akisikiliza.

— Dada, kule mlimani nani alikuwa anafagia?

Method alimtazama Ndirangu. Macaire aliongeza kahawa kwenye kikombe kilichojaa.

Euphrasia alitazama ng'ambo ya barabara. Mbele ya kila nyumba mifuko ya karatasi iliyojaa majani makavu ilisubiri gari la taka. Mifuko kama hiyo ameitoa mwenyewe, miaka mitatu mfululizo.

— Na Bibi je, kesho? aliuliza Method.

— Nitamwambia ukweli. Halafu yeye ndiye atanifundisha kuzifunika kwa majani. Simama, Bwana Shamba. Fungua buti, tubebe mifuko ile.