Nafasi ya Besi

Waombolezaji wenzetu, familia imenipa karatasi hii niisome mimi, mdogo wake pekee, ingawa mnaotufahamu mnajua kwamba kwa miaka thelathini na moja mimi na marehemu hatukuwa tukisalimiana.

Kaka yangu, ambaye wengi mlimwita Mwangwi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akasoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, akaingia sekondari na kuiacha kidato cha pili, kwa sababu, kama alivyolalamika baba, gitaa lilikuwa limemteka akili. Akajifunza kuchomelea, mchana akiunga mageti karakanani, jioni tukifanya mazoezi ya rege kwenye karakana hiyo hiyo, yeye akiimba, mimi nikipiga gitaa la besi.

Albamu ya kwanza, ya Mei 1981, ilikuwa ya watu tisa, na tarumbeta mbili zilizoshinda kelele za karakana. Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, wakajaliwa binti mmoja, na albamu ya pili, ya 1986, ikawa ya mapenzi matupu, mapigo yakapoa, tarumbeta zikaondoka. Halafu akanunua kinanda chenye ngoma ndani yake, na tarehe 14 Juni 1991, kwenye ngazi za studio, akakigonga kwa kidole akaniambia, "Mdogo wangu, besi sasa imo humu." Nilibeba gitaa langu nikaondoka. Albamu ya tatu, aliyoirekodi kwa mashine hiyo, iliuzwa kuliko zote, watu wakaicheza mpaka soli zikaisha, nami niliinunia hata nilipoisikia kwa kinyozi.

Mkewe alifariki tarehe 2 Februari 2004, binti akapata kazi mbali, kaka akabaki na chumba kimoja juu ya duka la matairi, ambako jirani yake, fundi cherehani, anasema alikuwa akipika chakula cha watu wawili na kula cha mmoja. Albamu ya mwisho, ya Novemba 2019, ilikuwa sauti, gitaa na ngoma tu. Niliisikiliza nikacheka, nikawatangazia watu kwamba mzee kachoka, kasahau besi.

Machi 2021 aligundulika kuwa na uvimbe kooni, akafanyiwa upasuaji, sauti ikamtoka kabla ya roho, akafariki tarehe 3 Agosti 2022, saa nne asubuhi. Sikwenda kumwona, na hilo linaniuma.

Juzi fundi mitambo wa studio alinifuata, akanieleza kwamba walipokuwa wakirekodi albamu hiyo ya mwisho marehemu alimkataa kila mpiga besi aliyeletewa, akaikataa na mashine, akisema nafasi hiyo ina mwenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, hasa fundi cherehani aliyemshika mkono mwishoni, na wanamuziki wenzake wote. Kaka, jana nilikwenda studio na gitaa langu, nikasikiliza nyimbo zote kumi za albamu hiyo, nafasi nimeikuta wazi. Nimechelewa, lakini besi imefika. Pumzika sasa, kaka yangu, kwa amani.