Tanuri la Hildegarda

Asubuhi ile kijiwe cha kahawa karibu na stesheni ya Kilosa kilipata mgeni wa chuma juu ya mkokoteni: sefu ya ofisi ya shamba la mkonge, shamba lililouzwa pamoja na vilivyomo serikali iliporuhusu biashara huria, mambo yakawa ruksa. Ufunguo ulipotea zamani. Bonifas, fundi wa kufuli aliyeinunua, alichukua kipande cha chuma, akakipaka masizi, akakiingiza tunduni, akakizungusha, akakitoa, akakipiga tupa pale masizi yalipofutika. Akarudia, akarudia, mpaka mlango ukafunguka pasipo mkwaruzo. Ndani mlikuwa na vumbi tupu. Hakujali. Alitaka mlango mzima, kwani alimwahidi mkewe Hildegarda tanuri la mikate, na unga nyumbani ulikuwa umeshaanza kuumuka.

— Huyu jamaa ana masikio kwenye vidole! alisema Ubepari, muuza mitumba.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na tupa, akaongeza Profesa, karani mstaafu wa reli.

— Hapo umemsifu au umemtukana?

— Nimemsifu! Na kuta za hii kitu zimeshindiliwa simenti, bwana. Ofisi iliungua, paa likaanguka, karatasi zikatoka baridi.

— Mimi nasikia radi iliipiga, ikarudishwa mbinguni!

— Ukiingia nayo jehanamu, utaomba blanketi, alisema Sikuzani, mwenye birika.

Kila sifa ilimshuka Bonifas kooni kama kahawa ya kwanza.

— Naipandisha juu ya mafiga, alisema. Kuni chini, mikate ndani.

— Mwanaume! alishangilia Ubepari. Mgeni njoo, mwenyeji apike!

Hapo akatokea Bi Paulina, shangazi wa Hildegarda, aliyefika jana kutoka Mamboya.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba, wanangu. Bonifas, mkeo anauliza, unga unafurika beseni. Tanuri liko wapi?

— Ndilo hili, shangazi. Moto hauingii hata chembe!

Bi Paulina akaligonga kwa kidole.

— Sasa kama moto hauingii, mkate utaivaje?

Ubepari akamtazama Profesa. Profesa akatazama reli.

Bonifas akafungua mlango, akapapasa ule ukuta mnene kwa ndani, polepole, kama anayesikiliza.

— Moto usioweza kuingia, alinong'ona, utaweza kutoka? Sikuzani, nigawie makaa. Tuyaweke humu ndani, joto likose pa kutokea, mikate iive.

— Yote? Na kahawa yenu itachemkia wapi?

Profesa alikuwa ameshashika koleo.